Mwenzi wa Alfajiri

Joviana Kokubanza alirudi kwao Kibingo akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, na mzigo wake ulikuwa mwepesi: mkeka mmoja, sufuria, kanga mbili na kifua kibovu. Kule Isingiro alikokuwa ameolewa alikaa miaka tisa bila kupata mtoto. Mumewe hakumfukuza. Alileta tu mwanamke mwingine nyumbani, na yule mwanamke alipochukua mimba, wakwe wakaacha kumwita Kokubanza kwa jina lake. Akafunga virago mwenyewe asubuhi moja, wenzake wakiwa shambani, akatembea kurudi kwa kaka yake.

Kaka yake, Rugemalira, hakuwa mtu mbaya. Alimkatia sehemu ya kibanja, mwisho kabisa, pale migomba inapokonda na nyika ya kulishia ng'ombe inapoanza, akamjengea nyumba ndogo ya nyasi. Mkewe, Edvina, akamletea mbegu za maharage. Mama yao, Kyarimpa, alikuwa bado na nguvu siku hizo; alikuja akamtandikia nyasi mpya sakafuni, akakaa naye mpaka jua likashuka. Kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na Kokubanza akabaki na moshi wa mafiga yake na ile pumu iliyokuwa ikimshika kila mvua zinapoanza.

Mwaka ule, 1942, machimbo ya bati yalikuwa yamechangamka kwa sababu ya vita, na Mhindi mmoja aliyeitwa Jamnadasi alikuwa amefungua duka karibu na kambi ya wachimbaji. Kokubanza akapata kazi kwake, ya kuteka maji na kufua. Siku za kazi alilala chumba cha uani, Jumapili akaenda kwao. Mke wa Jamnadasi aliitwa Savita. Alikuwa mama mfupi, mwembamba, aliyekaribia miaka hamsini, na mwanawe wa pekee, Mahendra, alikuwa karani Bukoba. Ukimtoa mumewe, hapakuwa na mtu wa kusema naye lugha yao mpaka upande lori na kusafiri siku nzima. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani. Cha Kokubanza kilikuwa cha kuokoteza, maana kwao walisema Kinyambo. Kwa hiyo wakawa wanazungumza kidogo, na polepole.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu Kokubanza alipanda kutoka mtoni na debe la maji kichwani, na kabla hajafika mlangoni kifua kikambana. Alilitua debe, nusu ya maji ikamwagika, akakaa chini akiwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Savita alitoka. Hakuita mtu wala hakuleta dawa. Alikaa mbele yake, chini kwenye tope, na sari yake safi, akauchukua mkono wa Kokubanza akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe. Kokubanza akalisikia lile tumbo likishuka taratibu, likishuka zaidi, halafu likiinuka.

"Toa kwanza," Savita akasema. "Wewe navuta, navuta, kwa hiyo jaa. Toa. Kutoa ndiyo kazi. Kuingia, itaingia yenyewe."

Ilichukua muda mrefu. Jamnadasi alichungulia mara mbili, akarudi kwenye wateja wake. Hatimaye kifua kilifunguka, na Kokubanza aliona aibu kwa yale maji yaliyomwagika, lakini Savita alikuwa ameshainuka na kumwambia kwa vidole kwamba kesho, saa kumi na moja alfajiri, aje ghalani.

Ghalani kulikuwa na magunia ya chumvi na majora ya marekani, na kidirisha kimoja kilichotazama mashariki. Savita alitandika mikeka miwili. Akamwonyesha kusimama viganja vimekutana kifuani, kunyanyua mikono, kuinama mpaka vidole viguse ardhi, kurudisha mguu mmoja nyuma, kisha wa pili, kulala kifudifudi na kuinua kifua kama mjusi anayeota jua, halafu kurudi mlemle alimopita mpaka asimame tena. Baada ya hapo wakakaa na kuhesabu pumzi. Mwisho wakalala chali, mikono pembeni, bila kujitikisa. Alisema hii inaitwa yoga. Baba yake alimfundisha akiwa msichana mdogo, kwa sababu yeye pia alikuwa na pumu, na Kokubanza akiisikiliza vizuri pumzi ya yule mama aliweza kusikia mluzi mwembamba ndani yake, kama upepo unaopita chini ya mlango.

Savita alikuwa na sharti moja tu, na alilirudia mara nyingi mpaka Kokubanza akalijua kwa moyo. "Ukiwa mzima, kila siku. Ukiwa mgonjwa, kila siku, lakini kidogo. Kazi nyingi, basi pumzi kumi, lakini kila siku. Usikose."

Wakaenda hivyo miaka sita. Mtu asingeweza kusema walikuwa marafiki. Kokubanza hakuwahi kuingia jikoni kwa Savita, maana jiko la wale watu lilikuwa na miiko yake, na chai yake aliinywa kwenye kikombe cha bati kilichotundikwa peke yake nje. Savita hakuwahi kufika Kibingo. Lakini kuanzia saa kumi na moja mpaka jua linapogusa magunia, walikuwa wanawake wawili kwenye mikeka miwili, na hakuna aliyemtuma mwenzake. Savita alimwambia amwite Savitabeni, yaani dada Savita. Kwa kuwa alikuwa na mwendo wa taratibu kuliko Kokubanza, Kokubanza alizoea kufika mwisho wa kila mzunguko na kusimama kidogo, akimngoja amalize, ndipo waanze tena pamoja. Katika maisha yake yote hakuwa amepata kitu kilichompa raha kama kule kungoja.

Mwaka 1948 Mahendra aliwaita wazazi wake Bukoba, waendeshe duka kubwa zaidi. Jamnadasi aliuza alivyoweza, akapakia vilivyobaki kwenye lori. Asubuhi ya kuondoka walifanya yoga ghalani palipokuwa patupu, sauti zao zikirudi kutoka kwenye mabati. Savita alipokwisha kupanda, alishusha kioo cha lori.

"Mimi Bukoba, wewe hapa," alisema. "Saa kumi na moja."

Akakutanisha viganja. Kokubanza naye akakutanisha vyake, na kwake yeye yale yalikuwa maagano.

Alirudi kuishi moja kwa moja katika nyumba yake ya mwisho wa kibanja. Saa hakuwa nayo, lakini jogoo wa Rugemalira alikuwa mwaminifu. Kila alfajiri alifagia nyasi pembeni, akatandika mkeka wake kando ya ukuta ili ibaki nafasi ya mkeka mwingine upande wa kushoto, akasimama na kuelekea mashariki. Bukoba iko huko huko mashariki. Aliwaza ghala jipya, magunia mengine, dirisha pengine kubwa zaidi, na Savitabeni akinyanyua mikono. Akiinama, alijua mwenzake anainama. Akimaliza mzunguko, alisimama, akamngoja. Mara nyingine aliusikia ule mluzi, na mara nyingine ulikuwa ni wa kifua chake mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Lakini asubuhi moja Edvina alikuja kuazima ungo, akasukuma mlango, akamkuta wifi yake amelala chali, macho yamefumbwa, mikono pembeni, hatikisiki. Edvina alipiga yowe lililowaleta majirani, na Kokubanza alipoinuka na kuuliza kuna nini, mambo yakawa mabaya zaidi. Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika mpaka Kimuli kwamba kuna mwanamke Kibingo anayekufa kila asubuhi na kufufuka. Katekista Aristides akaja, mzee mpole, akakaa kwenye kigoda na kumwuliza kwa upole kama Mhindi alimfundisha kuliabudu jua, kama wazee wa zamani walivyofanya kabla ya dini.

"Mungu namwomba kanisani," Kokubanza alimjibu. "Hapa natafuta pumzi tu, baba."

Aristides akasema kama ni pumzi basi si dhambi, ila afunge mlango. Jambo likaishia hapo kwa upande wa kanisa. Watu walikuwa kitu kingine. Wanawake waliokuwa wakipita kwake wakienda kukata nyasi walianza kuzunguka kwa njia ya juu. Hawakumtukana, na kanisani walimpa nafasi kwenye benchi kama kawaida, lakini wiki nzima ingeweza kupita asisikie mtu akibisha hodi.

Mwaka 1950, katikati ya msimu wa kahawa, Kyarimpa alianguka shambani, na walipomwinua upande wake mmoja ulikuwa umekufa. Ndugu walikaa kuamua nani atamtunza. Edvina alikuwa na watoto sita, dada mwingine alikuwa ameolewa mbali, na macho yote yakamgeukia Kokubanza kabla hata swali halijaulizwa. Asiye na mtoto huhesabiwa kuwa ana nafasi. Wakamleta mama kwa machela na kumlaza mahali palepale ulipokuwa ukitandikwa mkeka.

Miezi kumi na sita Kokubanza hakujua kupumzika. Alimgeuza mama yake usiku na mchana asipate vidonda, alimwosha, alimpondea ndizi na kumlisha kwa kijiko. Kati ya hapo kulikuwa na kahawa ya kuchuma, kuanika, kuanua mvua inapotishia na kuanika tena, maharage ya kupalilia, kuni na maji. Kulikuwa na siku alizolala amekaa. Ile mizunguko ya kuinama na kunyanyuka ikapungua kutoka kumi na miwili hadi mitatu, kutoka mitatu hadi mmoja, na siku nyingi ikawa pumzi kumi tu, amesimama kando ya kitanda na shuka ya kufua mkononi. Hata hivyo hakukosa. Alimwomba Savitabeni radhi kimoyomoyo kwa uchache wake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyesema pumzi kumi zinatosha, aliona amesamehewa.

Kyarimpa alimwona kila alfajiri, kwa lile jicho moja lililobaki zima. Muda mrefu hakusema neno. Kisha siku moja, kwa ule mdomo wake uliopinda, akauliza kwa Kinyambo, "Unapumua na nani?"

Kokubanza alimalizia pumzi yake. "Na Savitabeni," akasema. "Yule mama wa dukani."

"Mbona haonekani?"

"Yuko Bukoba."

Kyarimpa alifikiri jambo hilo. "Basi mngoje," akasema.

Alifariki mwanzoni mwa mwaka 1952. Baada ya matanga watu walitawanyika, na nyumba ikawa kimya kuliko ilivyokuwa hata kabla ya mama kuja. Kokubanza aliendelea kuamka mara tatu usiku ili amgeuze. Hakuwa amemaliza hata kuchoma nyasi za kitanda cha marehemu homa ya papasi ilipomshika, pengine kutoka kwenye nyasi hizo hizo. Ikamwacha siku ya sita, akadhani amepona, ikarudi, ikamwacha, ikarudi tena kwa nguvu zaidi. Edvina alikuwa akimletea uji na kuuweka kizingitini, kwa sababu aliwaogopea watoto wake, na kusema kweli Kokubanza hakumlaumu. Katika siku mbaya kuliko zote hakuweza kukaa. Jogoo aliwika, naye akiwa amelala akatoa pumzi, akaingiza, akatoa, akapoteza hesabu, akaanza upya. Alinyanyua vidole vya mikono, basi, vidole peke yake. Alikuwa anatetemeka na kulia, na akilini mwake kulikuwa na wazo moja tu, kwamba Savitabeni asije akasimama kule Bukoba akaona upande wake hauna mtu.

Alipopona, alikuwa mifupa mitupu, na alikuwa amekata shauri. Alimwambia Rugemalira kwamba anataka kwenda Bukoba kumwona yule mama. Rugemalira alishangaa, akauliza kama kuna mshahara aliobakiza. Akasema hapana, anataka kumwona tu. Kaka yake hakuelewa, lakini alizungumza na dereva wa lori la kahawa, na mwezi wa saba Kokubanza akapanda juu ya magunia, amebeba chupa ya asali na mkeka wake. Walipita Kyaka, karibu na Mto Kagera, wakapanda, wakashuka, na jioni akaliona ziwa, ambalo hakuwa amewahi kuliona, na hakulijali sana.

Duka la Jamnadasi halikuwa gumu kulipata. Savita alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma ya meza, na Kokubanza alimpita kwa macho mara mbili kabla ya kumtambua. Alikuwa amenenepa. Alivaa miwani, miguu yake ilikuwa imevimba, na mjukuu alikuwa amelala mapajani mwake. Kokubanza alipopiga goti na kusema shikamoo, yule mama alimtazama, kisha uso ukamfunguka.

"Koku," alisema. Akamkabidhi mtoto kwa mkwewe, mke wa Mahendra, akainuka kwa taabu, akamshika mikono yote miwili na hakuiachia.

Alipewa chai, wali na dengu, akaulizwa habari za machimbo, za nani amekufa na nani amehama. Savita alimtafsiria mkwewe, wakacheka kwa mambo ambayo Kokubanza hakuyaelewa. Walimtandikia kwenye baraza ya uani. Kwa furaha hakulala sana.

Saa kumi na moja alikuwa ameshaamka. Hapa palikuwa na saa ya ukutani inayogonga, kwa hiyo hakuhitaji kubahatisha. Alitandika mkeka wake uani, upande mmoja, akaacha nafasi, akasimama. Akangoja. Alisikia mawimbi kwa mbali, akasikia mtu akikohoa ndani. Akaona labda siku hizi wanaanza baadaye kidogo. Anga likawa jeupe. Jua likapanda juu ya ziwa, likapita ukuta wa uani, likamfika miguuni, likamfika magotini, naye hakuwa amenyanyua mikono.

Savita alitoka saa moja, nywele hazijasukwa, akitaka maji ya moto. Akamwona. Aliuangalia mkeka, na ile nafasi iliyokuwa kando yake.

"Koku, wewe bado nafanya?"

"Kila siku," Kokubanza alisema. "Hata nilipokuwa na homa."

Savita alikaa kwenye ngazi. Alivua miwani yake akaishika. "Mimi niliacha," akasema. "Wiki ya kwanza tu hapa. Duka kubwa, watu wengi. Nikasema kesho. Halafu Mahendra akaoa, mtoto akaja, halafu goti hili. Kila siku nasema kesho." Alivuta pumzi, na Kokubanza akausikia ule mluzi, si mwembamba tena. "Kule nilikuwa nafanya kwa sababu hapakuwa na mtu."

Ikamtoka Kokubanza, kwa sauti ya chini, bila hasira. "Miaka minne nilikuwa nakungoja umalize."

Savita hakuuliza maana yake. Aliielewa, ikaonekana usoni. Alinyoosha mkono akamvuta akae naye kwenye ngazi, akasema basi pumzi kumi, sasa hivi. Wakaanza. Kwenye ya sita Savita akakohoa, akakohoa mpaka machozi, na kutoka dukani mkwewe akaita kwamba kuna mteja anaulizia kitu ambacho yeye hajui kilipo. Savita alimgusa Kokubanza shavuni, akainuka, akaenda. Lori lilikuwa linaondoka saa tatu.

Nyumbani aliukunja mkeka na kuusimamisha nyuma ya mlango. Siku ya kwanza alijiambia amechoka kwa safari. Siku ya pili kulikuwa na kahawa. Jogoo aliwika na yeye akabaki kitandani akiangalia paa, na nyumba ilikuwa ni nyumba tu, yenye mtu mmoja ndani. Hakumkasirikia Savita. Alijaribu, akashindwa. Kilichomuuma ni kwamba hata usiku ule wa homa, vidole vikitetemeka hewani, hapakuwa na mtu upande wa pili. Alikuwa peke yake kuliko alivyojua, na alikuwa peke yake muda wote ule.

Wiki ya tatu mvua za kwanza zilinyesha, na alfajiri moja kifua kikambana. Alikaa chini, akashika mguu wa kitanda. Toa kwanza, alijiambia, na sauti haikuwa ya Savita, ilikuwa yake, kwa Kinyambo. Akatoa. Akatoa tena. Ilichukua muda, kama siku zote, lakini mwishoni hewa ikaingia yenyewe. Alipoweza kusimama aliutandika mkeka, akakutanisha viganja, akanyanyua mikono, akainama. Mgongo ulikuwa mgumu kama ubao. Alifika mwisho wa mzunguko, akasimama kwa mazoea, akasikia mvua kwenye nyasi za paa na si kitu kingine, akaanza wa pili bila kungoja.

Alimaliza kumi na miwili nje kukiwa bado giza. Akashangaa jinsi ilivyokuwa fupi. Miaka yote ile nusu ya muda ilikuwa ni ya kusimama. Alilala chali, akapumzika, akaamka. Aliwasha moto, akala kiazi kilichobaki jana, na mvua ilipokatika akachukua jembe akaenda kupanda maharage kabla udongo haujakauka.